Kanga Juu ya Mashine ya Bisi

Kuna siku moja ya Idi hainitoki kichwani, mwanangu. Nikifumba macho naviona viwanja vya Mnazi Mmoja, watoto na nguo mpya zenye harufu ya dukani, na moshi wa mkaa umelala juu ya watu kama shuka. Ninyi leo mnaziona mashine za bisi za vioo, taa ndani, kila kona ya Kariakoo, mnadhani bisi zilianza hivyo. Hapa kwetu kabla ya vioo kulikuwa na sufuria ya fundi Saidi, na mimi nusura niiue.

Saidi alikuwa fundi bati wa Gerezani, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Mimi nilikuwa binti mbichi, nauza bisi. Enzi hizo ulikuwa unashika sufuria na mfuniko wake kwa matambara, unatikisa mpaka bega linawaka moto. Ukizembea kidogo, nusu imeungua, nusu mahindi matupu. Saidi akaniona ninavyohangaika. Akachukua mkono wa pedeli ya baiskeli, akaupitisha katikati ya mfuniko, chini akaufunga kipande cha bati cha kukorogea. Unazungusha tu, kama unasaga. Miezi mizima aliacha kutengeneza ndoo! Mkewe akasema ana shetani, mtaa mzima ukamcheka.

Akaniambia, "Dada Zuhura, siku ya Idi watu waione wenyewe. Ikikataa, naivunja, narudi kwenye ndoo zangu, na sitaki kuisikia tena." Kisha akatoboa mfuniko kwa msumari, tundu baada ya tundu. "Haya usiyazibe. Hizi ndizo pua zake."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini Mwajuma naye alikuwa muuza bisi, amekaa hatua kumi kutoka kwangu, macho makali kama mwewe. Nikasema moyoni, huyu akiona ule mkono ulivyoingia, kesho anayo ya kwake. Nikavua kanga ya kujitanda, nikaufunika mfuniko wote, nikawa nazungusha kwa chini chini kama mwizi.

Bisi zikatoka zimelowa. Zimesinyaa, zinanata menoni. Mtoto wa kwanza akatema.

"Shoga, hizi bisi au gundi?" Mwajuma akapaza sauti. "Mwambie fundi wako arudi kwenye ndoo, huku hakumfai!"

Watu wakaangua kicheko. Saidi alikuwa amesimama pale na kanzu yake mpya. Akachuchumaa, akaanza kuutoa mkaa jikoni, kipande kimoja kimoja. Na mimi nilijua, mwanangu. Nilijua kosa ni langu, nikanyamaza, maana aibu ikimwangukia yeye mimi nabaki safi.

Somo yangu, Bi Mwanakombo, yule aliyenifunda nilipovunja ungo, alikuwa mkekani na wajukuu zake. Somo hachagui pa kukusemea.

"Wee mwali! Kanga hiyo inafanya nini hapo? Nilikufunda kujisitiri mwili, sikukufunda kusitiri sufuria! Mwana wa watu anafedheheka, wewe umemeza ulimi. Sema!"

Nikaivuta kanga. Sauti ikanitoka ndogo kama ya mtoto. "Nimeziba matundu mimi. Aliniambia nisizibe. Mashine haina kosa."

Saidi akaurudisha mkaa, akatia mahindi upya. Mvuke ukapanda nyuzi nyuzi, nyeupe, halafu mle ndani pakaanza kulia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Alipofunua, bisi zikamwagika kavu, nyepesi, nyingine zikaruka zikatua kwenye kofia za wazee na nywele za wasichana. Mpaka leo zinanijia usingizini, zinaanguka taratibu, hazifiki chini.

Mwajuma akasogea kuchungulia. Nilitamani nimsukume. Saidi akamchorea mchangani kwa kidole: mkono unapita hapa, bati linakaa hapa. Mbele yangu! Ilipofika Idi nyingine, Gerezani yote ilikuwa inagonga sufuria zenye mikono ya kuzungusha. Huyu kaongeza miguu, yule kaweka kimlango cha ubavuni, na kila aliyekwama alikwenda kumuuliza Saidi. Walimwita Saidi Bisi mpaka anaingia kaburini, naye alilipenda jina hilo kuliko la baba yake.

Basi nakwambia bila kuzunguka, mwanangu. Ukipewa kitu kizuri usikibane mpaka kishindwe kufanya kazi yake. Aliyekibuni mtaje, tena mbele za watu. Na ukiharibu, sema "ni mimi" wewe mwenyewe, mapema, usingoje kukemewa kama nilivyokemewa mimi. Kuigwa hakuui mtu. Kumwacha mwenzako abebe aibu yako ndiko kunakokula ndani, na mimi ninayekwambia nimezeeka nako.

Mungu akupe mikono yenye akili na kifua kipana. Akupe watu wa kukwambia ukweli ungali kijana, na utakachokianzisha wewe, wajukuu zako wakikute kinafanya kazi. Amin, mwanangu.