Kocha Kangas Arudi kwa Bi. Tverberg

Hakuna mtu mjini Norden aliyemhurumia Wendell Kangas Januari ile, ingawa yeye naye alipata pigo lake. Huruma zote zilikwenda kwa Bi. Agnes Tverberg, mwalimu wa hesabu wa sekondari, aliyeteleza kwenye barafu mbele ya duka la mikate akavunjika nyonga. Bi. Tverberg alipelekewa maua, keki na bakuli za nyama iliyookwa na viazi. Wendell alipelekewa kitabu, kizito kama tofali, na aliyekileta ni mkuu wa shule mwenyewe.

"Kalkulasi," alisema mkuu. "Wanafunzi sita. Mtihani ni Mei."

Wendell alikuwa mwalimu wa michezo na kocha wa hoki ya barafu. Alikitazama kile kitabu kama mtu aliyepewa nyoka amshikie mwenziwe kidogo.

"Bosi, mimi nafundisha watoto kuruka kamba."

"Cheti chako kinasema una ruhusa ya kufundisha hesabu."

"Hesabu za kujumlisha!"

"Kalkulasi nayo ina kujumlisha," alisema mkuu, akaondoka haraka kabla hajaulizwa kujumlisha nini.

Ule haukuwa mtihani wa kubabaisha. Ni ule wa nchi nzima, ambao mwanafunzi wa sekondari akiupasi huhesabiwa kwamba amekwisha soma somo lile la chuo kikuu. Alama zake ni kuanzia moja hadi tano, na ukipata tatu unapumua. Wendell alipomsimulia mkewe Lorna, Lorna alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Wewe? Wewe ambaye kila tukipaka rangi boti tunabakiwa na ndoo tatu?"

"Ni akiba ile."

"Akiba! Gereji nzima ni akiba, baba. Nenda kwa Agnes. Anauguzwa nyumba ya wazee, mguu juu, hana la kufanya. Atakufundisha."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, naye aliwahi kukaa katika darasa la kalkulasi la Bi. Tverberg, wakati huo mama kijana mwenye sauti ya kukata chuma. Siku moja, katikati ya somo, aliomba ruhusa kwenda chooni. Hakurudi. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, akavaa viatu vya barafu, na kesho yake akahamia darasa la useremala. Tangu hapo, miaka thelathini na nne, wawili hao walisalimiana kwenye korido za shule ileile kwa adabu kubwa, na habari ya choo haikutajwa hata mara moja.

Alijaribu kwanza peke yake. Wiki mbili alifundisha akiwa amewatangulia wanafunzi wake ukurasa mmoja tu, na siku nyingine nusu ukurasa. Alipoulizwa jambo asilolijua, alipiga makofi na kusema, "Swali zuri sana! Tutalifikia." Kulikuwa na msichana mmoja, Britta Maki, mwembamba, mwenye ulimi kama wembe, aliyekuwa akiuliza maswali mazuri sana kila siku, na kila siku yakawa ya kufikiwa. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka Wendell kwa namna ambayo hata fainali za jimbo hazikuwahi kumtoa.

Mwishowe alipiga moyo konde, akaenda nyumba ya wazee baada ya mazoezi ya timu, kitabu kwapani. Bi. Tverberg alikuwa amekaa karibu na dirisha la ukumbi wa kulia, fremu ya kutembelea kando yake, akicheza karata na Bibi Skoglund, kikongwe mwenye masikio mazima kuliko watu wote wa mji ule.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Wendell.

Bi. Tverberg alimtazama juu ya miwani, akakitazama kitabu, akaweka karata zake chini taratibu.

"Marahaba, Wendell. Choo kile kilikuwa mbali sana."

Bibi Skoglund akaangua kicheko bila kujua kisa. Wendell alisimama pale, mtu mzima mwenye kitambi na filimbi shingoni, masikio yamemwiva kama ya mtoto.

"Nimerudi, Mwalimu."

"Naona. Kaa. Ulikosa nini?"

"Vyote."

"Hilo ni jibu lako la kwanza sahihi katika darasa langu."

Basi wakaanza. Bi. Tverberg hakuwa na haraka, wala hakuwa na huruma. Alimuuliza: gari likitoka hapa hadi mji wa jirani, mwendo wake ni upi? Wendell akagawa umbali kwa muda. "Huo ni wastani," alisema mwalimu. "Mimi nataka mwendo wa pale daraja linapoanza, palepale polisi anapojificha." Wendell akajikuna kisogo, akakata safari vipande, akavikata tena vikawa vidogo zaidi, mpaka kipande kikawa kama hakipo, na bado mwendo upo. Akainua macho.

"Kumbe ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Kitabu kizima ni hiyo, na kuirudisha kinyumenyume."

Kinyumenyume ndiko kulikomtesa. Ukiujua mwendo wa kitu, waweza kupata kilikofika, lakini lazima mwisho wa jibu uongeze herufi C, na Wendell aliisahau kila mara. Bi. Tverberg aligonga meza kwa kijiko.

"C iko wapi?"

"Samahani."

"Usiniombe samahani mimi, iombe hesabu. Mtu akikwambia ametembea maili tatu, unajua yuko wapi?"

"Hapana. Sijui alianzia wapi."

"Basi C ni pale alipoanzia! Umemwacha mtu wa watu hewani."

"Masikini," alisema Bibi Skoglund, akitupa karata. "Na baridi hii."

Akawa anakwenda kila jioni mara tu wazee wanapomaliza chakula chao. Asubuhi yake alisimama mbele ya darasa, akayafundisha aliyoyapata jana, na kwa kuwa hakuwa na mifano mingine, kila kitu alikigeuza hoki: mchezaji anavyochapuka, mpira bapa unavyopoteza kasi juu ya barafu, maji ya moto yanavyoshuka katika tangi la gari la kulainisha uwanja. Ilifika mahali Britta akanyoosha mkono.

"Kocha, tunaomba leo mtu asiteleze. Hata mara moja."

"Swali zuri sana," alisema Wendell kwa mazoea, na darasa likacheka hadi kengele.

Alijisifu moyoni kwamba siri yake imesetirika. Lakini Machi, asubuhi moja, aliingia akakuta ubaoni pameandikwa kwa herufi kubwa: KOCHA, JANA ULISAHAU C TENA. Wanafunzi sita walikuwa wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika.

"Nani ameandika?"

Kijana mmoja mkubwa, Tanner, kipa wa timu yake, akainua mkono nusu. "Bibi yangu anakusalimu, Kocha. Anasema jana uligongewa kijiko mara tano."

Bibi yake Tanner, bila shaka, ni Bibi Skoglund.

Wendell alikaa juu ya meza. Alifikiri kukasirika, akakuta hana pa kuanzia. "Basi mnajua. Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza," alisema Britta. "Uliandika fomula ubaoni, halafu ukaishangaa."

"Na hamkusema?"

Britta alitazama dirishani, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulipoteza makali. "Ulikuwa unajitahidi sana, Kocha. Ingekuwa kama kumwamsha mtu anayetembea usingizini."

Wendell alijikuta anacheka, na kile kicheko kilimtoa mzigo ambao hakujua ulikuwa mzito kiasi gani. Siku hiyohiyo alimwomba mkuu ruhusa, na kuanzia hapo, mara mbili kwa wiki, darasa zima lilihamia ukumbi wa kulia wa nyumba ya wazee. Bi. Tverberg alifundisha, Wendell alikaa kati ya Tanner na Britta, akanakili kama wao, akapigiwa kijiko kama wao. Wazee walisogeza viti wasikilize. Hawakuelewa kitu, ila walijua vizuri sana nani kakosea.

Aprili, theluji ikiwa bado nje, Bi. Tverberg aliwapa mtihani wa majaribio wa muda wa saa tatu nzima. Wendell naye akaufanya. Kwenye timu yake kulikuwa na sheria ya siku nyingi: anayepoteza mpira ovyo anazunguka uwanja akiteleza mpaka apumue kwa mdomo. Vijana wakadai sheria ifuatwe hapa pia, na Bi. Tverberg akaiunga mkono kabla hawajamaliza kuisema. Britta akapata tano, Tanner tatu. Kocha akapata mbili.

"Mbili," alisoma Bi. Tverberg kwa sauti ya ukumbi mzima. "Na moja kati ya hizo ni ya huruma."

Jumamosi wanafunzi wakajaa kwenye viti vya uwanja wa barafu na mablanketi, Wendell akizunguka chini, uso mwekundu kama nyanya. Lorna alikuja na chupa ya kahawa, akajiunga na wapiga kelele.

"Kunja magoti, Kocha! Kunja!" alipaza sauti Tanner, akirudisha maneno aliyotupiwa miaka minne. "Hiyo ndiyo kasi? Mbona grafu yako imelala?"

"Tanner," alihema Wendell akipita, "msimu ujao utakaa benchi."

"Msimu ujao niko chuoni, Kocha!"

Hilo Wendell alilisikia, akazunguka nalo. Alimjua Tanner tangu akiwa mdogo wa kufungiwa kamba za viatu, na kabla ya mwaka ule hakuwahi kumsikia akitamka neno chuo.

Siku ya mtihani wenyewe mwalimu wa somo haruhusiwi chumbani. Wendell aliwafikisha mlangoni, akataka kusema neno la kishujaa kama la kabla ya fainali, likampotea. "Msisahau C," alisema tu. Kisha akaenda uwanjani. Barafu ilikuwa imeyeyushwa kwa ajili ya kiangazi, imebaki sakafu tupu ya saruji, naye alitembea juu yake kwa viatu vya kawaida, huku na huku, kama mume aliye nje ya wodi ya wazazi. Aligundua kwamba anafikiria swali la tangi na maji, si kwa hofu, bali kwa hamu ya kujua kama limetoka.

Matokeo yalitoka Julai. Tanner alipata tatu, akaja kwa Wendell na baiskeli akipiga kelele tangu barabarani. Wengine watatu walipasi. Mmoja alipata mbili, akasema yeye tangu awali alitaka kuwa fundi umeme. Britta alipata nne, akakasirika siku tatu, akamtumia Wendell ujumbe: *Ile moja iliyopungua ni yako.* Wendell akajibu kwamba anaikubali.

Bi. Tverberg alipata nyonga ya chuma na akastaafu. Mkuu akaja tena, safari hii bila kitabu, akauliza kwa upole kama Kocha angeweza kulishika darasa la Septemba. Wendell akasema atafikiria, na Lorna, aliyekuwa jikoni akikaanga samaki, akasema kwa sauti kwamba amekwisha fikiria, kwani tangu Juni anakwenda ziwani bila ndoano.

Na kweli. Kesho yake alikuwa amekaa kwenye gati la mbao, miguu majini, kitabu mapajani, amegombana na swali moja tangu asubuhi. Jibu lake na la kitabu hayakupatana. Alilirudia mara tatu. Mwishowe akapiga simu.

"Mwalimu, kitabu kimekosea."

Alingoja kijiko. Badala yake ikaja sauti ya kiti kikivutwa.

"Ngoja nichukue kalamu. Nisomee."

Akamsomea. Alisikia karatasi ikikwaruzwa upande wa pili, na pumzi za mama mtu mzima anayefikiri kwa bidii. Mbu walimla vifundo naye hakuwapiga.

"Wendell."

"Naam."

"Njia yako ni sahihi, mwanzo mpaka mwisho. Na C umeiweka. Lakini swali linasema nane. Wewe umesoma tatu. Nenda kapime macho."

"Chakula!" aliita Lorna kutoka nyumbani.

"Nakuja!" alijibu Wendell, akafuta tatu, akaandika nane, akaanza upya.