Doti Ambayo Baba Hakutaka Ikatwe

Kanga mpya ina harufu yake, ya rangi na wanga, na mimi nikiinusa tu naiona Dar es Salaam. Siyo hii ya maghorofa ya vioo. Ni ile niliyotembezwa na baba nikiwa darasa la tatu, tulipotoka Nangurukuru kumpeleka mama hospitali.

Baba alimaliza ujana wake katika kiwanda cha nguo huko mjini. Kikafungwa, akarudi kwetu kulima ufuta. Lakini kiwanda hakikumtoka. Popote alipoona kitambaa, hata msibani, lazima akishike, akisugue kwa dole gumba, kisha agune kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Mama alimcheka mpaka basi.

Asubuhi moja daktari alimwita baba pembeni. Aliporudi alisema kesho tunarudi nyumbani, nami nikaruka kwa furaha. Kwa akili yangu, mgonjwa huruhusiwa akishapona.

Siku hiyo hiyo akanishika mkono tukaenda mjini kati. Njiani tulipita kiwandani kwake. Geti lilikuwa limekula kutu, na ndani wamejaza mifuko ya saruji. Mlinzi alimtambua, walifanya kazi pamoja.

"Mashine ziliuzwa chuma chakavu, bwana," alisema.

Mimi nilitega sikio nisikie ule mngurumo wa mashine ambao baba alikuwa akituigizia nyumbani kwa mdomo, nikasikia kunguru tu.

Mtaa wa Uhuru maduka ya kanga yalikuwa yamepangana, macho yangu hayakujua pa kutua. Baba akaniambia, "Chagua wewe. Unajua anachopenda mama yako." Nikachagua nyekundu yenye maua ya korosho. Muuzaji akashika mkasi.

"Tukate, mzee? Fundi yupo hapo barazani, anapinda sasa hivi."

"Usikate."

Nilishangaa. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kumpa mke kanga isiyopindwa ni kumpa kazi, si zawadi.

"Sasa mama atajifunga vipi, baba?"

"Iache nzima, mwanangu," alisema, akageukia barabarani. Nilinuna hadi hospitali.

Mama aliifungua kitandani, akapitisha vidole katikati, pale ambapo mkasi ulipaswa kupita. Alimtazama baba kwa muda mrefu. Kisha akanivuta kwake. "Umechagua vizuri, mwanangu. Nyekundu yangu hasa."

Kabla ufuta haujavunwa, wanawake waliitoa ile doti sandukuni wakaitandaza juu ya jeneza la mama. Kwetu mwanamke husindikizwa kwa kanga, na kipande kimoja hakitoshi. Hii ilitosha, kichwani hadi miguuni.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo nilipoelewa kwamba pale dukani baba alikuwa akinunua nguo ya mazishi, na aliniachia nichague ili mama aondoke na kitu kutoka mkononi mwangu. Mama naye alijua tangu vidole vyake vilipopita katikati bila kukuta mkato. Waliagana mbele ya macho yangu, nami nimenuna. Inaniuma hadi leo.

Kanga ilirudi kutoka makaburini imekunjwa vizuri. Baba aliisugua kwa dole gumba, safari hii hakuguna, akanikabidhi.

"Sasa mpelekee fundi," alisema.

Sijampelekea.