Hasara ya Mwenye Mtaji

Watu wakisikia nafanya kazi benki, tena upande wa huduma zisizo na riba, wanadhani nashinda na tasbihi mkononi nawagawia waumini hela. Wangejua! Mie kazi yangu ni kuchunguza watu. Mtu akija kuomba kuwezeshwa, nauliza biashara yake ina umri gani, nani anamjua, hesabu anaziandika au anaziweka kichwani, ana nyumba au kapanga, na akifa leo nani atalipa. Nikimaliza napeleka kwa kamati, na kamati mara nyingi inataka njia moja tu: benki inunue hiyo bidhaa, imuuzie mteja kwa faida, naye alipe kidogo kidogo. Hiyo ndiyo murabaha. Riba haimo, na wakubwa wanalala usingizi wao.

Kuna nyingine inaitwa mudharaba. Hiyo tunaifundisha kwenye semina, tunaisifia weee, halafu tunaiacha hukohuko ukumbini. Mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi yake. Faida wanagawana kama walivyopatana. Ikija hasara, na yule mwenye kazi hakuiba wala hakuzembea, basi mwenye mtaji kapoteza mtaji wake na mwenye kazi kapoteza jasho lake. Hakuna anayemdai mwenzake. Benki inaiogopa kwa sababu hakuna mtu wa benki atakayeshinda kwenye banda la fundi kuangalia mbao zinazoingia na vitanda vinavyotoka. Hatumwoni, kwa hiyo hatumwamini, kwa hiyo tunamuuzia mashine.

Baba yangu hakuiogopa, na wala hakuisoma semina yoyote. Ana duka la vifaa Chang'ombe, alilirithi kwa baba yake. Wazee wetu walitoka Uarabuni, lakini yeye ni mtoto wa Temeke, Kiarabu chake kinaishia kwenye swala. Wateja wake wengi ni mafundi wa samani wa Keko, wanaofuata gundi, msasa, vanishi na bawaba. Kati yao alikuwepo mmoja, mtu wa Njombe, mzee wa kanisa, ambaye alianza kuja pale mie sijaanza hata shule. Sie watoto tulimwita baba mdogo. Baba alimwita Fundi, naye alimwita baba Ami, kama wanavyoitwa Waarabu wote wenye maduka mjini hapa.

Utani wao ulikuwa hauna mwisho. Fundi akifika anauliza, "Ami, leo bei za kidugu au za kiarabu?" Baba anamjibu, "Za watu wa bara, lipa kwanza." Halafu wanakaa kwenye benchi nje ya duka, wanakunywa kahawa, na hakuna anayelipa wala kulipwa mpaka jua lipoe.

Ndiyo kwenye benchi hilo walipoelewana. Baba atoe hela ya mbao, Fundi atengeneze vitanda na makabati, faida nusu kwa nusu. Hapakuwa na wakili wala karatasi. Baba alimweleza na upande wa hasara, nilikuwepo nikimimina kahawa, na Fundi alicheka akasema hasara haitakuja. Ikawa hivyo kwa miaka. Sehemu ya ada yangu ya chuo ilitoka kwenye vitanda vya Keko. Hela ile ndiyo iliyonisomesha mpaka nikapata kazi ya kuwakatalia watu kama Fundi, nami nalijua hilo.

Halafu Fundi akapata oda ya vitanda vya bweni la shule, oda kubwa kuliko zote. Baba akatoa hela nyingi kuliko siku zote. Mbao zikashushwa, vitanda vikaanza kusimama, na usiku mmoja moto ukaanzia banda la jirani, shoti ya umeme, ukala mabanda yote ya mstari ule. Watu waliokoa walichoweza. Fundi aliokoa mashine yake ya randa, aliiburuta mwenyewe hadi barabarani, mikono ikaungua.

Asubuhi nilimpeleka baba. Fundi alikuwa amekaa chini kwenye majivu, nguo zimelowa maji ya zimamoto. Baba aliuliza maswali yake kwa upole: moto umeanzia wapi, nani alikuwepo, umeme wako uliuzima? Aliwauliza na majirani. Aliporidhika kwamba Fundi hana kosa, akamwinamia akamshika bega.

"Pole sana, Fundi. Ni kazi ya Mungu. Mie nawe hatudaiani."

Fundi akainua uso. "Hatudaiani vipi, Ami? Hela yako yote ndiyo hii umeikanyaga."

Baba alidhani ni uchungu wa siku ile, utapita. Hata mie nilidhani hivyo.

Haukupita mwezi nikamwona Fundi anaingia benki, kavaa shati la kanisani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akakaa mbele ya meza yangu kama mteja mwingine yeyote. Iliniuma kumwona amekaa vile.

"Mwanangu, nataka hela."

"Za mbao? Hilo linazungumzika, baba mdogo. Benki inanunua, wewe unalipa taratibu."

"Si za mbao. Nataka nikamlipe baba yako."

Nikamweleza. Nilimwambia sie hatutoi hela mkononi, tunanunua kitu na kukuuzia. Nikamwambia pia kwamba hilo deni halipo. Baba hakumkopesha, alishirikiana naye, na hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji. Nilieleza vizuri kabisa, kama kwenye semina.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Hayo ni ya kwenu, nami nayaheshimu," akasema. "Lakini mie nilipewa hela ya mtu, ikaungua mikononi mwangu. Kwetu mtu wa namna hiyo analipa. Asipolipa, wenzake wanamwona mtoto. Wewe unataka niwe mtoto mbele ya baba yako?"

Nilimwambia arudi nyumbani apumzike, mambo yatakaa sawa. Sikumwambia kwamba hata hela ya mbao kamati ingemkatalia. Banda limeungua, nyumba ya kupanga, dhamana hana, umri umekwenda. Nilikuwa nimeshamchunguza kichwani kabla hajamaliza kukaa, ndivyo kazi ilivyonifanya.

Jumamosi moja nikiwa dukani, akaja na bahasha ya kaki. Akaiweka kaunta, hakukaa kwenye benchi.

"Ami, hii ni nusu. Nyingine nitaleta."

Baba akaisukuma kurudi. Akasema hadai. Fundi akaisukuma tena. Wakawa wanasukumiana ile bahasha, na mwanzoni nilitaka kucheka, nikijua watu wazima wanavyogombea kulipa bili. Kisha nikaona macho ya Fundi.

"Unaidharau hela yangu?"

"Sidharau. Sikiliza, Fundi. Faida nilikula miaka yote, nusu kwa nusu, nikasomeshea watoto. Leo imekuja hasara, nikutapishe wewe? Nikiipokea hii, basi sikuwa mshirika wako, nilikuwa mkopeshaji. Kesho nitamwambia nini Mungu?"

"Na mie kesho nitamwambia nini mke wangu? Kwamba nimesamehewa kama ombaomba?"

"Sijakusamehe. Huna deni la kusamehewa."

Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, nalijua sasa. Kusamehewa angeweza kukataa. Alichukua bahasha yake akaondoka, hakuaga.

Niligombana na baba siku ile. Nilimwambia pokea tu, baba, kisha umrudishie kwa mlango mwingine, mnunulie mbao, wape watoto wake. Akanijibu kwamba nimesoma haya mambo kuliko yeye, sasa inakuwaje nataka ayachezee. Na kweli nimeyasoma. Nikatoka dukani na hasira zangu.

Kitu ambacho hatukukijua ni pale zilipotoka zile hela. Benki yangu ilipomkatalia, Fundi alikwenda kwa wale wakopeshaji wa mtaani, wale wanaoitwa kausha damu, na jina hawakulipata bure. Baba alipozikataa, Fundi alizirudisha zote. Wakamwambia sawa, mtaji umerudi, bado riba. Akalipa kidogo, akashindwa. Wakaja na bajaji ya mizigo wakabeba mashine ya randa, ileile aliyoungulia mikono. Tuliambiwa na fundi mwingine aliyekuja kununua msasa. Baba alifunga duka mchana kweupe, akaenda kuwatafuta wale watu ili aikomboe mashine. Fundi alipopata habari akatuma mtu. "Mwambieni Ami asininunulie kitu. Nisije nikadaiwa mara mbili."

Tangu hapo akawa kibarua kwenye mabanda ya wenzake. Gundi akanunua duka jingine. Wakati wa Idi mama alimpelekea pilau kama kila mwaka, na bakuli likarudi limeoshwa, tupu. Zamani lilikuwa linarudi na parachichi za Njombe au maharage. Mama alilikalisha mezani akaliangalia. Baba akawa anakaa kwenye benchi peke yake. Mara mojamoja alimwona Fundi ng'ambo ya barabara, anaharakisha, uso kaugeuzia upande mwingine. Baba alikuwa anainua mkono hata hivyo. Nilikuwa nachukia kumwona anainua ule mkono.

Ilikwenda miaka mitatu namna ile. Kisha presha ikamwangusha Fundi kazini, na hawakuwahi kumfikisha hospitali akiwa hai.

Msiba ulikuwa kwake Tandika, maturubai yamefunga njia, basi la kumsafirisha Njombe limeegeshwa kando. Tulifika mapema. Baba aliandikisha rambirambi yake, nyingi, akakaa na wazee. Baada ya ibada, msemaji wa familia akasimama, akashukuru watu, kisha akasema kama isemwavyo misibani: aliyekuwa akimdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, awaone wanafamilia.

Hatukuwaona sie, walitufuata wao. Binti mkubwa wa marehemu, mwalimu, alikuja akamnong'oneza baba, akatuingiza ndani. Mjane alikuwa amekaa kwenye godoro na kina mama. Aliponiona alinishika mkono, kisha akamgeukia baba.

"Shemeji, baba watoto aliacha neno moja. Nisimpandishe gari na deni lako."

Binti akatoa hela. Zilikuwa zimetoka kwenye rambirambi, hata hawakuficha, na za kwetu za asubuhi zilikuwa humohumo. Akasema nyingine ataleta yeye kwenye mshahara wake, kidogo kidogo, ila hizi nusu zipokewe leo.

Baba alirudi nyuma kama aliyesukumwa. "Shemeji, simdai. Wallahi simdai kitu. Mnazihitaji hizi safarini."

"Najua humdai. Umesema miaka yote, na mtaa mzima wanajua humdai." Hakuwa na hasira, alikuwa kachoka tu. "Ila yeye alidaiwa, shemeji. Kala akidaiwa, kalala akidaiwa. Mie ndiye niliyekuwa nalala naye. Mpokelee, gari linaondoka saa nane."

Nilimwangalia baba. Nilimjua vizuri, nilijua anayapima mambo yake yote yale, haki, halali, alichokula, asichostahili kula. Kisha akanyoosha mikono yote miwili akapokea. Akamwambia binti asilete nyingine, kwamba hesabu alizokuwa nazo yeye ni hizo tu, zimetimia. Akatoka nje, akamwomba msemaji kipaza sauti.

"Mie ndiye niliyekuwa namdai marehemu," akasema mbele ya watu wote. "Alinilipa. Ameondoka hana deni langu hata senti."

Ulikuwa uongo. Baba yangu, ambaye siku zote alikuwa tayari kupoteza rafiki kuliko kusema kwamba anamdai, alisimama msibani akasema alikuwa anamdai. Watu waliitika amina. Nikageuka, nikamwona mjane mlangoni, kajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

Nikamrudisha baba Chang'ombe. Nilipoegesha mbele ya duka hakushuka. Zile hela zilikuwa bado mikononi, hakuzitia mfukoni.

"Kumbe ni maneno mepesi vile," akasema. "Nimeyasema mara moja, yameisha, na hakuna kilichoanguka. Siku ile alipokuja mwenyewe, amesimama hapo, nilishindwa nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Ni kweli alikuwa sahihi, kila kitabu kilichoko kazini kwangu kinasema hivyo, na mie ndiye niliyemwambia Fundi hivyohivyo kwa mdomo wangu. Sikuweza kulitamka. Baba alianza kulia, mzee mzima, kwa sauti, wapita njia wanachungulia dirishani, nami nikaacha mikono yangu kwenye usukani nikalia naye.