Kaka Waliobaki Ndege

Jumapili ya pili ya Agosti, baada ya ibada, nilikuwa sebuleni kwangu Olasiti nikicheza gemu la zamani ambalo binti yangu alinitafutia kwenye kompyuta. Usicheke. Hata wewe ungecheza, kama utotoni ungewahi kuketi sakafuni kwa fundi televisheni pale Ngarenaro, pua imejaa harufu ya waya zilizoungua.

Fundi yule alikuwa na desturi yake: televisheni aliyoitengeneza haikuchukuliwa kabla ya kuwashwa mchana kutwa, aone kama itazima tena. Kuijaribu ilikuwa kazi yetu, mimi na binti wa jirani. Tulimfagilia duka, naye akatuchomekea gemu lililotokana na hadithi tuliyosomewa na mwalimu wa darasa la tatu: msichana anavuka msitu kuwatafuta kaka zake waliogeuzwa ndege. Kila hatua ilitoa neno la siri la kuendelea siku nyingine, nasi tukaliandika nyuma ya daftari la Hisabati.

Ilipobaki hatua moja, shule zikafungwa, nikapelekwa Tengeru kwa bibi kuchuma kahawa. Daftari nilimwachia mwenzangu.

“Apa hutagusa.”

“Haki ya Mungu! Nikigusa niote mkia.”

Wiki tatu nilichuma, vidole vikinata, nikiwawaza ndege wale. Niliporudi alinipokea mlangoni. “Nimeshamaliza. Kaka zake wanabaki ndege hivyohivyo. Usijisumbue.” Nililia, na kwa fundi sikwenda tena. Hata hivyo tulikua pamoja. Ndiye msimamizi wa ubatizo wa binti yangu.

Jumapili hiyo niliimaliza hatua ile ya mwisho, na mbele ya macho yangu ndege walitua mmoja mmoja wakawa watu. Nilimpigia mwenzangu simu papo hapo.

“Jamani, mama mzima bado uko kwenye gemu?” Alicheka. “Ningekuambia mwisho ni mzuri, ungeninunia mwaka mzima. Nikaona heri uchukie gemu kuliko unichukie mimi.”

Duka la fundi lilishavunjwa, na hilo sikulisikitikia sana. Kilichonitoka siku ile ni utoto ambamo niliamini kulikuwa na mtu mmoja asiyenidanganya.

Wiki tano baadaye nilimpelekea barua:

“Mwenzangu, kumaliza bila mimi nilikusamehe zamani. Lakini uliniona nikiwalilia kaka wale, ukanifuta machozi kwa kanga ya mama yako, ukanyamaza. Usiniombe radhi kwa simu. Keti uniandikie walivyogeuka watu, mmoja mmoja, kama ulivyopaswa kunisimulia. Kama umewasahau, usinijibu.”