Salamu za Dirisha la Uji

Mpishi wa shule ile ya bweni alikuwa mwanamke wa maneno. Sufuria likichelewa kuchemka, alilitukana. Uji ukiungua, aliuomba radhi. Bintiye alipopata nafasi hapohapo, bure kwa kuwa mama ni mfanyakazi, alilia kwa furaha mbele ya kuni.

Sheria ya shule ilikuwa kali. Mwanafunzi akisikika akisema Kiswahili, huvishwa kibao shingoni darasani, kisha hudeki vyoo. Asiyevishwa muhula mzima hupewa zawadi mbele ya wazazi. Anayevishwa mara tatu, virago nje! Mpishi aliijua sheria, ila alidhani ni ya madarasani. Nani angedhani inamfikia hata mama mzazi?

Basi kila asubuhi, kwenye dirisha la kugawia uji: "Mwanangu, umeamkaje?"

"Salama, mama." Sasa angejibuje, abweke?

Wiki ya tatu mtoto akaacha kujibu. Anapokea uji, huyoo! Mpishi roho ikamuuma. "Nimemzaa mwenyewe, leo ananionea kinyaa!" aliwaambia wenzake jikoni. Hakulala. Asubuhi akamkamata mkono dirishani, bakuli akalizuia.

"Hupati uji mpaka uniambie nimekukosea nini!"

Foleni ikasimama. Mtoto akaangua kilio, akasema maneno mengi, mbiombio, yote ya kigeni. Mpishi hakuambulia hata moja. Mwanawe analia mbele yake naye hajui anachosema! Akamgeukia kiranja, msichana mrefu aliyesimamia foleni.

"Binti yangu, nakupigia magoti. Anasemaje?"

Kiranja hakuwa amevishwa kibao tangu muhula uanze. Hata hivyo akasema kwa Kiswahili, wenzake wote wakisikia:

"Anasema ameshavishwa mara mbili, zote kwa kukujibu wewe hapa. Imebaki moja afukuzwe. Anakuomba usimsalimie tena, mama."

Mpishi aliuachia ule mkono. Akajaza bakuli mpaka juu, akampa.

Siku hiyohiyo aliomba kazi ya kumenya viazi kule nyuma. Amekaa huko mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi humsikia bintiye akimshukuru mgawa uji kwa lugha ya kigeni, safi kabisa, naye hujiziba mdomo kwa mkono wenye maganda, asije akaitika.