Simba Yangu Ilivyovuka Mpaka wa Bungoma na Trans Nzoia

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Huwa nasoma nyuzi zenu na kuondoka kimya. Mimi ni mtu wa haya, shule niliishia darasa la nane, na naandika polepole. Hii imenichukua siku mbili. Lakini juzi mlivyobishana juu ya mpaka wetu, nikaona lazima niseme. Nikidanganya, moderator afute uzi.

Ni miaka ya tisini mwanzoni.

Kwetu ni karibu na Naitiri. Baba alinunua kipande cha shamba la mzungu aliyeondoka, na katikati kulikuwa na mstari wa mkonge. Chini ya mkonge ni Bungoma, juu ni Trans Nzoia. Wengine walisema hapana, mpaka ni kijito kilicho juu zaidi. Wabukusu walikuwa na mpaka wao, Wasabaot wao, na ramani za serikali nazo hazikupatana.

Nyumba ya wazazi na jikoni ya mama zilikuwa chini. Simba yangu ilikuwa juu.

Kwa wageni: kwetu kijana akishatahiriwa halali tena kwa wazazi. Anajenga kibanda chake, na hicho ndicho tunaita simba.

Nikapata kazi ya kupasua mbao Kitale. Sharti moja: kitambulisho kabla ya mwezi kuisha.

Nikaenda kwa chifu wa Bungoma kuomba barua ya kuombea kitambulisho.

"Kijana, ugari unakula kwetu, rakini unarara wapi?"

"Juu ya mkonge, chifu."

"Basi wewe ni wa ng'ambo. Mutu ni wa pale anaweka kichwa."

Chifu wa ng'ambo akauliza nani ananipikia. Nikasema mama, huko chini.

"Si uende basi kwa chifu wa tumbo lako!"

Mwishowe akanisukuma ofisi ya vitambulisho Kitale. Karani alikuwa mtu wa Mombasa, Kiswahili kimenyooka hadi nikaogopa.

"Walala wapi, mwanangu?"

"Kwa simba."

Kalamu ikasimama. "Kwa simba? Na nani?"

"Peke yangu."

"Na hakudhuru?"

Nikadhani anauliza juu ya paa. "Mvua ikinyesha tu ndio inasumbua."

Akaandika sana. Niliona haya kumuuliza anaandika nini.

Siku nne baadaye wakaja askari wawili wa wanyamapori, na bunduki.

"Mama, simba yuko wapi?"

Mama akanyoosha mwiko. "Si hiyo hapo. Lakini mwenyewe ametoka."

Wakalala kifudifudi kwenye mahindi, wakalenga kibanda changu hadi saa sita. Mama akawapelekea chai.

Machifu wakaitisha mkutano. Watu waliogombania kila hatua ya ardhi, leo kila mmoja anaisukuma kwa mwenzake, simba asiwe wake.

"Yetu inaisha kwa kijito!" akasema chifu wa ng'ambo.

"Ati nini? Yetu inaisha kwa mkonge!" akajibu wa Bungoma.

Kwa nusu saa shamba letu halikuwa Kenya.

Baba, ambaye huwa haongei, akasimama. "Simba ni nyumba, bana."

Jirani yetu Msabaot, mzee Ndiema, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kicheko kilipoisha, machifu wakaanza tena kugombania shamba.

Mimi nilibaki na siku tatu za kupata kitambulisho.

Mzee Ndiema akaniuliza, "Si tuihamishe simba yako tu?"

Kesho yake vijana wake na ndugu zangu wakainua paa zima la nyasi, wakavuka nalo mkonge. Chifu wa Bungoma alikuwa akingoja upande wake, muhuri mkononi. Paa lilipogusa ardhi, akagonga barua yangu.

"Sasa unarara kwetu."

Kwa barua hiyo nikapata karatasi ya kungojea kitambulisho, na kazini nikafika siku ya mwisho. Baadaye nikasikia faili la Kitale lilifungwa hivi: "Simba amehamia Bungoma."

Nilichojifunza, wakuu: ukiona mtu anaandika habari zako, muulize anaandika nini. Haya yangu karibu inipigishe risasi.

Sasa nyinyi wa Cheptais, Naitiri na Tuwan, semeni. Mlikuwa wa chifu wa tumbo au wa chifu wa kichwa?