Vibrafoni Iliyotetemeka Bila Umeme

Ukitaka kunicheka nicheke, nimeshazoea. Lakini haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalinipata mimi, saa kumi alasiri, watalii wakiwa bado kreta wakitazama wanyama, katika hoteli moja ya Karatu ninakopiga vibrafoni.

Huijui? Ni vipande vya chuma vilivyopangwa kama kinanda, unavigonga kwa vijiti vyenye vichwa vya uzi. Ukikanyaga pedali sauti inaendelea. Ukiinua mguu inakatika papo hapo. Ina pia mota ndogo ya umeme inayoifanya sauti itetemeke.

Aliyenifundisha ni baba mdogo, Lekishon wa Nainokanoka. Alipolazwa alinitumia ujumbe niende. Nikajibu kesho, wageni ni wengi. Nilijibu kesho mara tatu, akafariki. Kwetu mzee akiondoka na kinyongo juu yako, unaishi kwa hofu. Nilitaka kujua jambo moja tu: alinisamehe?

Siku hiyo ukungu ulikuwa umefika madirishani na umeme umekatika. Nikagonga mara moja, mguu kwenye pedali. Sauti ikatetemeka. Niamini, niliinama nikaitazama mota, imesimama kabisa. Nani basi alikuwa anaitetemesha?

Nilipoinua macho, baba mdogo alikuwa ameketi kiti cha mbele, shuka lake limelowa ukungu. Nywele zikanisimama. Sauti ilipofifia naye akafifia, nami nikagonga tena isife.

"Takwenya," akaniamkia.

"Iko, baba," nikaitikia.

"Nina neno la kukuambia." Akanyanyuka, mkono mbele.

Sasa, mwanamke wa Kimaasai akiona mzee wa rika la baba yake ananyoosha mkono, hafikirii. Anasogea, anainamisha kichwa aguswe. Nimefanya hivyo tangu utotoni. Nikasogea, na mguu ukatoka kwenye pedali.

Sauti ikakatika. Nilibaki nimeinama, nikisubiri vidole vyake kichwani. Havikuja. Kiti kilikuwa kitupu, chini pamelowa.

Mama anasema alikuja kunibariki. Shangazi akiulizwa hubadilisha mazungumzo, na hilo linanitisha. Nimepiga kila siku ya ukungu, mota nimeizima, mguu haubanduki. Hajarudi. Wazee wakinyoosha mkono sasa najikuta narudi nyuma, nao wananiona sina adabu.

Kama una mgonjwa anayekuulizia, acha kunisoma. Nenda sasa hivi, magari bado yapo.